Acha Kushuka na Frii: Kona za Mlima Zinataka Akili, Sio Roho Ngumu

Wasee, leo sina kichekesho. Leo nataka tubishane kuhusu kitu ambacho kila mtu anakiona na hakuna anayekisema kwa sauti: kushuka mlima na nduthi ikiwa kwa frii, injini imezimwa, eti unasevu mafuta.

Msimamo wangu nauweka hapa juu, ili kama unataka kunitusi kwa comments uanze mapema. Watu wetu hawaanguki milimani kwa sababu ni wajinga, na si kwa sababu "vijana wa siku hizi hawasikii". Wanaanguka kwa sababu hakuna mtu amewahi kukaa nao chini akawafundisha kona. Tumefundishwa kuogopa spidi, tukaambiwa pole pole ndio mwendo, halafu tukaachiwa mlima. Na pole pole bila akili kwa mlima bado inaua.

Kama unaishi Umoja ama Rongai unaweza kusema hii story si yako. Ngoja Disemba. Utashuka kwa matatu Iten, utapanda boda ukielekea Tambach, na hapo mbele yako kuna ukuta wa Bonde la Ufa ambao barabara inaushuka ikijikunja kama nyoka mwenye haraka. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mto Kerio kule chini uko zaidi ya mita 1,000 chini yako. Ama ushago wenu ni Wundanyi, ile barabara inayopanda Milima ya Taita kutoka Mwatate. Ama wewe ni wa zile ride za Jumapili, mnatoka Nairobi mnashuka Mai Mahiu mkienda Naivasha kula samaki na kupiga picha. Mlima utakupata tu. Swali ni kama utakupata ukiwa umejipanga.

Tuanze na breki, kwa sababu hapo ndio uongo mwingi umelala

Mimi niliacha campus, sina digrii ya fizikia. Lakini hii hesabu ni ya sekondari, na simu yako inaweza kuifanya.

Chukua nduthi ya kawaida ya stage. Yenyewe ina kama kilo 120. Weka dereva wa kilo 70 na abiria wa kilo 60. Hiyo ni kilo 250. Sasa ishushe mita 1,000. Nguvu yote ambayo mlima unakupa lazima iende mahali. Sehemu inabebwa na upepo, sehemu inaliwa na matairi. Inayobaki, kama umeweka frii, inaenda kwa breki peke yake, na breki zinaigeuza kuwa joto.

Ni joto kiasi gani? Ukipiga hesabu ya jumla, kushusha hizo kilo 250 mita 1,000 ni nguvu ya kutosha kuchemsha takriban lita 7 za maji kutoka baridi hadi yachemke. Lita saba, yaani sufuria ya chai ya matanga. Hata upepo ukibeba nusu, bado unapika chai ya familia nzima ndani ya breki mbili ndogo. Kwa Kikuyu, Mai Mahiu maana yake ni maji moto. Jina limekuonya kabla hujafika.

Nduthi nyingi za boda zina breki za dramu. Ile dramu imefungika, joto halitoki haraka. Inapopata moto sana, lainingi za ndani zinapoteza mshiko. Unafinya breki ya mkono, inakuja, lakini nduthi haipungui. Unakanyaga ya mguu, inaenda chini zaidi kuliko jana. Fundi hakukudanganya, na breki zako asubuhi zilikuwa sawa kabisa. Zimechoka tu kwa kazi ambayo hukufaa kuzipa peke yake.

Kazi hiyo ni ya injini. Ukishuka ukiwa kwa gia ya pili ama ya tatu, akselereta imefungwa, injini inakataa kuzunguka haraka na inakushikilia. Ile sauti ya kulia unayoisikia si nduthi inaumia. Ni nduthi inafanya kazi. Breki unaziacha zipumzike, unazitumia kidogo kidogo kabla ya kona, halafu unaziachilia zipoe.

Kuna kanuni ya zamani ya madereva wa malori: gia uliyopandia nayo mlima ndiyo ushukie nayo. Kwa nduthi inafaa pia kama mahali pa kuanzia. Na unaichagua juu, kabla mteremko kuanza. Ukingoja mpaka spidi ikushike ndio utafute gia, umechelewa.

"Lakini bro, mafuta ni ghali"

Najua. Sitakaa hapa na laptop nikuambie wewe unayeamka saa kumi na moja asubuhi kwamba mafuta si tatizo. Tuseme lita moja ni shilingi 180, na kila shilingi inahesabika. Kwa hivyo tuihesabu.

Nduthi ya 150 kwa barabara ya kawaida inaenda kilomita 40 hadi 50 kwa lita. Tuseme mteremko wako ni kilomita 20. Kama ungezitembea kwa barabara tambarare ungetumia chini ya nusu lita, yaani shilingi 90 hivi. Lakini hauko kwa barabara tambarare. Uko kwa mteremko, akselereta imefungwa, injini inakunywa tone tone. Kwa hivyo unachosevu ukizima injini hakifiki hata hizo 90. Ni pesa ya chapati mbili na maharagwe.

Sasa weka kwa upande ule mwingine. Lainingi mpya kila baada ya muda mfupi. Tairi. Siku mbili hospitali bila kazi, na mkopo wa nduthi unadaiwa kila siku hata ukiwa kitandani. Mimi naona hiyo biashara ni hasara, hata kabla hatujaongea kuhusu roho ya mtu.

Na kuna kitu kingine watu hawasemi. Ukizima injini kwa nduthi nyingi za stage, taa kubwa ya mbele haiwaki. Saa kumi na mbili jioni, ukungu wa Limuru umeshuka, wewe unakuja kimya kama paka, bila taa, bila sauti. Yule mama anayevuka na mbuzi atakusikia vipi? Na ukihitaji nguvu ya ghafla kukwepa shimo, utawasha injini ukiwa ndani ya kona? Kuwa serious.

Kona ina pesa yake, usiimalize yote kwa breki

Hapa ndio ningependa mtu ascreenshot.

Fikiria tairi lako limepewa elfu moja. Hiyo ndiyo nguvu yote ya kushika lami iliyo nayo. Ukiitumia elfu yote kwa breki, hakuna hata mia ya kupinda. Ukiitumia yote kupinda, hakuna ya breki. Lami ikiwa na maji, elfu inakuwa mia tano. Ikiwa na changarawe, inakuwa nauli ya kurudi nyumbani kwa mguu.

Ndio maana kitu cha kwanza kwa kona kinafanyika kabla ya kona. Punguza spidi ukiwa bado umenyooka. Shusha gia ukiwa bado umenyooka. Ukiingia, breki umeshaziachilia, na unabaki na akselereta kidogo tu ya kuifanya nduthi itulie. Watu wengi wanafanya kinyume: wanaingia na spidi yote, wanashtuka katikati, wanafinya breki ya mbele wakiwa wamelala. Tairi linasema samahani mteja, salio lako halitoshi.

Na spidi haiongezeki deni kwa usawa. Kona uliyoipita na 30, ukija kesho na 60, tairi linadaiwa nguvu mara 4, si mara 2. Kwa hivyo "niliongeza kidogo tu" ni maneno ya mtu ambaye hajapiga hesabu.

Kitu cha pili ni macho. Nduthi inaenda unakoangalia. Ukikodolea macho lori linalokuja, unaenda kwa lori. Ukikodolea macho korongo, unaenda kwa korongo. Geuza kichwa, si macho tu, uangalie pale kona inaishia. Inaonekana kama uchawi, lakini mikono inafuata kichwa bila wewe kuiambia.

Cha tatu kinashangaza watu, lakini ni kweli na unaweza kukijaribu kwa uwanja mtupu. Ukiwa unatembea, tuseme kuanzia mwendo wa baiskeli ya haraka kwenda juu, ukitaka kwenda kushoto unasukuma mpini wa kushoto mbele kidogo. Nduthi inalala kushoto na inaenda kushoto. Kila mtu anayeendesha anafanya hivyo bila kujua. Shida ni kwamba asiyejua, akishtuka, anauvuta mpini kwa nguvu ama anakaza mikono, na nduthi inanyooka kuelekea upande wa pili wa barabara. Ukijua, unasukuma tena kidogo, nduthi inalala zaidi, unapita.

Cha nne ni mahali pa kukaa barabarani. Sisi tunaendesha kushoto. Video nyingi za mafunzo zimetengenezwa Marekani, wao wako kulia, kwa hivyo ukizifuata kama zilivyo unajikuta upande wa kifo. Kona ya kulia: kaa katikati ama kushoto kidogo ya njia yako. Ukikaribia mstari wa kati na ulale kulia, magurudumu yako yatakuwa kwako lakini kichwa chako kitakuwa kwa njia ya wengine. Usiende kushoto kabisa pia, ukingoni ndiko changarawe hulala.

Kona ya kushoto: watu wa track wanasema sogea kulia karibu na mstari ili uone mbali. Mimi nasema kwa barabara zetu, sahau. Lori refu likija kutoka upande ule, kwake hiyo ni kona ya kulia, na magurudumu ya nyuma ya trela hukata ndani, yanavuka mstari na kuingia kwako. Kaa katikati ya njia yako na upunguze spidi mpaka unachokiona kitoshe. Kuona mbali ni kuzuri. Kuwa mzima ni kuzuri zaidi.

Halafu kanuni moja inayobeba zote: nenda kwa spidi ambayo unaweza kusimama ndani ya sehemu unayoiona. Tuseme unachukua sekunde moja na nusu kushtuka na kufika kwa breki. Kwa 40, umeshatembea kama mita 17 kabla hujafinya chochote, na utahitaji kama mita 12 zaidi kusimama kwa lami kavu na breki nzuri. Jumla kama 29. Kwa 60, jumla inapita mita 50. Na hiyo ni kwa tambarare. Ukishuka, ongeza. Sasa niambie, ile kona ya mwamba ambayo unaona mita 20 mbele, unaingia na ngapi?

Kwa sababu nyuma ya mwamba hakuna kitu kidogo. Kuna punda wa maji. Kuna nyani wamekaa kwa lami kama wenye shamba. Kuna matope ya jana usiku. Kuna wauzaji wa kofia za manyoya pale viewpoint na gari la mtalii limesimama nusu barabarani. Kuna dizeli iliyomwagika. Mlima hauna ubaya na wewe, lakini hauna habari kwamba unakuja.

Na hii ya bure: ukiwa mbele ya lori linaloshuka na usikie harufu ya breki zinazoungua, usikae hapo. Tafuta mahali salama, toka barabarani, liache lipite. Usishindane nalo na usipige selfie nalo.

Tuktuk ni mnyama mwingine

Nimeona watu wakisema tuktuk ni salama zaidi mlimani kwa sababu ina magurudumu matatu na haianguki. Hapana. Inaanguka, ila inaanguka kwa njia yake.

Nduthi inalala kwa kona, hivyo uzito unabaki juu ya matairi. Tuktuk hailali. Kona inausukuma uzito wote kwenda nje, na kama uko juu sana ama spidi ni kubwa sana, gurudumu la ndani linanyanyuka. Na tuktuk zetu zina gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Ukifunga breki ndani ya kona, hasa ukishuka, uzito unakimbilia mbele, kule ambako kuna mguu mmoja tu. Ni kama kiti cha miguu mitatu: kisukume upande usio na mguu uone.

Kwa hivyo mtu wa tuktuk kule Nyeri ana sheria zake. Spidi iishe kabla ya kona, kabisa, si karibu. Usikate kona ghafla. Mzigo mzito uwe chini na katikati, usiufunge juu ya paa. Abiria wakae, wasisimame wala kuning'inia upande wa nje. Na ukihisi gurudumu limenyanyuka, usikaze kona zaidi. Legeza usukani kidogo kama barabara inaruhusu, na uachilie akselereta taratibu. Mtu aliyetoka kwa nduthi akaingia kwa tuktuk na kuendesha vile vile ana mazoea ambayo hapa yanamgeuka.

Ndio maana mimi siyaelewi haya madaraja yetu ya leseni. Daraja moja, A3, linaweka boda, kuria na magari ya magurudumu matatu pamoja. Chombo kinacholala na chombo kisicholala, leseni moja. Hata kama sheria inabaki hivyo, anayefundisha anafaa kufundisha viwili tofauti.

Wewe abiria, usijifanye mzigo

Hapa naongea na sisi wengi, tunaokaa nyuma na earphones.

Sheria ya Kenya inasema nduthi inabeba abiria mmoja. Helmeti na jaketi la kuakisi ni kwa dereva na abiria, wote wawili. Si mapambo ya kumpa karau. Watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakakuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa kama asilimia 69. Lakini lazima iwe kichwani na imefungwa. Ile ya kuning'inia kwa kiwiko hailindi kitu, kiwiko chako hakina ubongo.

Mkiwa watatu kwa mlima, uzito uko nyuma sana. Mkipanda, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani haushiki. Mkishuka, breki zina kazi ya watu wawili zaidi. Na hao wote wanayumba kivyao kwenye kona.

Ukiwa peke yako nyuma, kazi yako ni rahisi. Kaa karibu na dereva, shika chuma cha nyuma ama mshike yeye, na kwa kona angalia juu ya bega lake la upande mnaoelekea. Hivyo tu. Mwili wako utalala naye. Ukiogopa ukajivuta upande wa pili, unamwongezea kazi. Na kina mama zetu ambao hukaa upande mmoja kwa heshima ya nguo, kwa mji mnaweza kupata bahati, lakini kwa kona za mlima uzito wote umeenda upande mmoja. Mama, beba leso, jifunge, kaa mbele kama dereva. Hakuna atakayekuheshimu kidogo.

Na una mdomo. Ukisikia injini imezimwa mkishuka, sema. Sema kwa heshima, si kwa kelele: "Boss, washa tu tushuke na gia, hiyo ya mafuta nitakuongezea." Shilingi ishirini. Umetumia zaidi kwa bando leo asubuhi. Nimefanya hivyo mara nyingi nikiwa ushago, na sijawahi kutana na dereva aliyekasirika. Wengi wanacheka na kuwasha. Wanajua. Wanangoja tu mtu aonyeshe kwamba anajali.

Sasa sisi wa kontenti

Hii inaniuma kwa sababu ni kazi yangu. Kona zinauza. Goti karibu na lami, muziki juu, sekunde 12, views laki mbili. Mtu mmoja aliniandikia inbox akitaka tushoot hivyo pale mteremko wa Mai Mahiu, Jumapili, barabara ikiwa na familia na malori. Nikakataa. Akaniambia naogopa kukua. Sawa.

Mimi ni mtu wa kukata video, wacha nikuambie kile hukioni. Huoni yule aliyesimama mbele kuangalia kama kuna gari. Huoni kwamba wameipita kona ile ile mara kadhaa kabla ya ile moja uliyoiona. Huoni ile ambayo mambo yalienda mrama, kwa sababu ilifutwa. Unaona ujasiri, lakini ulichoonyeshwa ni editing. Halafu kijana wa miaka 17 anachukua nduthi ya binamu yake, matairi yamekwisha, slippers miguuni, anaenda kuijaribu mara moja tu, live.

Kama unataka kupima ukali wa nduthi yako, lipa siku ya track ama tafuta mahali pamefungwa. Barabara ya umma si studio. Yule anayekuja upande ule hakusaini kuwa extra kwa video yako. Na kama wewe ni creator na una watu hata elfu mbili, post moja ya jinsi ya kuangalia tairi na breki haitakuua. Itapata likes chache. Ndio maisha.

Wenye makosa si madereva peke yao

Kuna watakaosema namlaumu mnyonge. Barabara ni mbovu, kuta za ukingoni hakuna, hakuna hata kioo kwa kona zisizoonekana. Nakubali, kabisa. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa nduthi za chini ya cc 250, na zikajaa nchi nzima, zikalisha familia nyingi sana. Nduthi zilikuja haraka. Mafunzo hayakuja na hizo nduthi.

Angalia tunavyofundishwa hadi leo. Mtihani wetu wa leseni una model town, ule ubao wenye vigari vidogo. Ubao hauna mteremko. Halafu unaenda kwa uwanja tambarare, unazunguka, unapewa leseni, unarudi kwenu Marakwet ambako tambarare pekee ni uwanja wa shule.

Kwa hivyo hivi ndivyo ninavyotaka, na si mambo ya bajeti kubwa. Kaunti zenye milima zifagie changarawe kwa kona baada ya mvua, na ziweke vioo vikubwa pale ambapo mwamba umeziba. Shule za udereva za maeneo hayo zifundishe kushuka kwa gia na kona moja halisi kabla mtu hajaenda kwa mtihani. Na stage zenu, ambazo tayari zina mwenyekiti, mweka hazina na faini za kuchelewa mkutano, ziweke faini moja zaidi: anayeonekana akishuka na frii analipa. Jumamosi moja kwa mwezi, saa moja tu, uwanja wa shule, watu wafanye mazoezi ya breki na kusukuma mpini. Waliobobea kwa stage wawafundishe wapya. Hiyo haihitaji waziri wala kukata utepe.

Na ukisema "sisi tumeshuka na frii miaka kumi na hatujaanguka", nitakujibu kwa heshima, kwa sababu wengi wenu mmenizidi umri na kilomita. Hiyo miaka kumi inaonyesha kwamba mna mikono mizuri. Haionyeshi kwamba breki zenu hazipati moto. Mkono mzuri ukiwa na gia utafika miaka ishirini.

Basi kabla hujascroll, fanya kitu kimoja. Kama unaendesha, kesho asubuhi angalia tairi, angalia lainingi, na ukifika juu ya mlima weka gia ya chini kabla hujaanza kushuka. Kama hauendeshi, mtumie hii yule jamaa wako wa nduthi, bila maneno mengi, mwambie tu "soma ile ya frii". Akikasirika, mnunulie chai, mzungumze. Mlima uko pale pale, haujahama tangu babu zetu, na una subira kutushinda sisi sote.